Mwanachama wa Saba wa Ermete

Ermete Zaccarelli alikuwa mpole kwa majirani na mkali kwa dunia. Akimkuta kikongwe amebeba kuni humpokea mzigo hadi mlangoni, na njia nzima humweleza kwamba nchi hii dawa yake ni fimbo. Alikuwa amestaafu kazi ya kusoma mita za gesi. Hakuoa, aliishi na mama yake, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa katibu wa tawi la Chama cha Upanga na Jembe hapa kwetu Castelvento.

Chama hicho kilitaka wanawake wazae sana, wagomaji wafungwe na makoloni yarudishwe. Ukutani kulikuwa na ramani ya Afrika, Somalia na Uhabeshi zimepakwa rangi nyekundu, tayari kwa kuchukuliwa tena. Ermete mwenyewe, basi la kwenda Bolonya lilimtapisha kabla ya kufika darajani.

Chumba cha tawi kilikuwa changu, pale chini alipokuwa akishonea viatu marehemu mume wangu. Padri aliniuliza kama dhamiri hainisumbui. Nilimjibu kwamba kila Alhamisi wanacheza karata, wanagombana juu ya karata, kisha wanakwenda kulala. Nilikuwa nikiwaombea, kama ninavyomwombea kila mtu.

Kilichomwingiza Ermete katika siasa ni ngoma. Mwaka wa 1940, akiwa na miaka kumi, watoto wa shule walivishwa mashati meusi ya chama kilichotawala wakati ule, mzazi wa hiki cha Ermete, naye akachaguliwa kupiga ngoma mbele ya gwaride. Maisha yake yote hakuiona tena siku kama ile. Baba yake, Olindo, fundi wa mapaa, alisimama kando ya barabara akamtazama anavyopita, asiseme neno. Olindo alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo bovu. Ugali alikula mkavu, na tone la mafuta likigusa sahani yake aliinuka mezani. Wote tulijua tumbo lake, hakuna aliyeuliza lilianzia wapi. Alikufa miaka kumi na moja iliyopita.

Shida ilikuja kwa barua. Makao makuu ya mkoa yaliandika kwamba tawi lisilo na wanachama saba litafungwa, na mkaguzi atafika Alhamisi kuhesabu. Walio hai walikuwa watatu: Ermete, Sesto kinyozi, na Duilio ambaye alikuja kwa ajili ya divai. Ermete alikonda ndani ya wiki moja. Alipita nyumba kwa nyumba, watu wakamkaribisha kahawa na kumuuliza hali ya mama yake. Aliponifikia mimi nilimwambia, "Ermete, mimi nimo katika chama kilichoanza na watu kumi na wawili. Hata humo mmoja alimuuza Bwana. Kinanitosha."

Ndipo akakumbuka desturi yao. Mwenzao akifa, jina lake huendelea kuitwa mkutanoni, na wote husimama wakamwitikia kwa sauti moja, "Yupo!" Tawi lilikuwa na marehemu watatu. Watatu na watatu ni sita. Alipungukiwa mmoja, na baada ya kuwaza siku mbili alimwandika baba yake. Kwa moyo wake wote aliona anamheshimu mzee.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi, Bwana Mattioli, alikuja na gari dogo na mkoba mkubwa. Alikuwa na tumbo lake la heshima, na nadhani alikuwa na hofu yake pia, maana matawi yakiisha, mkaguzi atakagua nini? Ermete alimwomba mama yake, Argia, apike tambi kwa sungura. Mama huyu ana miaka themanini na miwili, kwa hiyo sufuria niliibeba mimi, yeye akafuata na fimbo yake.

Tulipofika mlangoni wito ulikuwa umeanza. Sesto akaitwa, akaitika. Duilio akaitwa, akaitika baada ya kupigwa kiwiko. Wakaja wafu, wote wamesimama kama mishumaa, na mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeitika kwa nguvu kuliko wote, akitia alama kwenye karatasi bila kuinua macho.

"Zaccarelli Olindo," akaita Ermete kwa fahari.

"Hayupo," akasema Mama Argia.

Wakageuka. Mkaguzi akasema kwa adabu kwamba ni heshima tu, mama, ni desturi.

"Desturi yenu naijua, mwanangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mlimkuta njiani, mkamfunga kwenye kiti, mkamnywesha mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, kwa mrija wa mpira, kwa sababu alikataa kuwavulia kofia. Nilimfulia nguo mimi siku nne. Alipokuwa hai hakukaa nanyi, na hataanza leo."

Ermete alibaki ameshika karatasi. Alisema taratibu, "Mama, hukuniambia."

"Baba yako alinikataza. Alisema mtoto ameipenda ngoma yake, mwache."

Mama Argia akafunua sufuria. "Kaeni mle. Humu nimetia siagi, si mafuta."

Hakuna aliyekuwa wa kwanza. Mkaguzi aliitazama tambi kama mtu anayetazama kisima kisicho na mwisho. Sesto akanusa uma wake, Duilio akasingizia meno. Mwishowe mama alichota sahani yake, akaketi chini ya Uhabeshi, akala yeye.

Mkaguzi akalifuta jina, akahesabu sita, akalifunga tawi. Alichukua bendera na mhuri. Ramani haikuingia garini, nikaitandika chini ya magunia yangu ya viazi.

Sitasema Ermete aliongoka, mimi si mwongo. Bado anataka fimbo, na juzi nilimsikia akimgombeza tarishi. Lakini Alhamisi hana pa kwenda, hukaa uani na mama yake wakimenya maharage. Wiki iliyopita nilikuwa naanika shuka, nikamsikia anauliza bila kuinua kichwa.

"Yale mafuta, ilikuwa lita nzima, mama?"

"Lita na nusu," akasema mama. "Hilo limeoza, litupe."