Kigoda Kilichonipimia Pembe

Mume wangu ni seremala, na kwa miaka mingi alitoboa vigoda kwa macho. Drili anayo, tena nzuri. Ila pembe ya tundu la mguu, ule mwinamo unaofanya miguu mitatu itanuke nje ili mtu asianguke, hakuwahi kuipima kwa chochote. Aliinamisha drili, mimi nikasimama mbele yake nikimwambia, "Kwangu kidogo," au "Rudisha kwako." Yeye aliangalia isilale kushoto wala kulia, mimi niliangalia mbele na nyuma. Ndivyo tulivyofanya kazi hapa Kiwanjani, chini ya mabati mbele ya nyumba, tangu nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Kigoda cha kwanza tulichotoboa hivyo ndicho ninachokalia mpaka leo nikipika chapati.

Mwaka jana jicho lake la kulia likafa. Daktari alisema halitarudi, tushukuru la kushoto ni zima. Siku ya tatu mume wangu alishika drili, mkaidi kama punda wa maji. Kigoda kilichotoka kilikuwa na mguu mmoja huku, mwingine kule, na wa tatu umesimama wima kama askari. Cha pili vivyo hivyo. Nikajaribu kumzunguka, nichungulie mbele kisha ubavuni, drili ikinguruma. Akaizima.

"Mama watoto, unanizunguka kama mbuzi imefungwa kamba. Wacha tu. Hii kazi nimemaliza."

Akaitia drili kwenye gunia. Jirani mmoja alikuja kumpa pole, akamwambia heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliitikia kwa adabu, kisha akaenda kukaa nje ya msikiti na wazee wenzake, adhuhuri haijaadhiniwa bado. Mtu huyu kila siku alikuwa akikimbilia sala na gundi vidoleni! Hilo ndilo lililonitisha. Jicho nilikuwa nimelililia nikamaliza. Yeye mwenyewe, akiwa hai na anakula ugali wangu, sikujua ningemlilia vipi.

Nilivumilia wiki moja, kisha hasira zikanipanda nikalifungua lile gunia. Kama macho yake hayawezi kuongoza drili, niliwaza, basi mbao iiongoze. Nikachukua kipande cha mbao ngumu, kinene kama ngumi, nikakitoboa katikati wima kabisa, nikihakikisha kwa skwea, kile chuma chake cha kupimia pembe mraba. Kisha nikakikata sehemu ya chini kwa mshazari. Ukikiweka juu ya ubao wa kukalia, tundu lake linalala lenyewe, na ncha ya drili ikipita humo haina pengine pa kwenda. Nimemsugulia msasa miaka ishirini, na macho yangu si ya mapambo.

Kilichokuwa kimenisumbua kabla ya kukata ni ukubwa wa pembe. Nilipindua kigoda changu cha chapati, nikaegesha karatasi ya boksi kwenye mguu mmoja, nikachora mstari, nikauhamishia kwenye mbao. Nilijiona fundi kwelikweli.

Aliporudi kula alikuta kigoda changu kipya uani, kimekaa chini chini, miguu imetawanyika kama ya ndama wa ngamia anayejifunza kusimama. Akachuchumaa, akakipapasa.

"Nani ametoboa hii?"

"Mimi."

"Umepima na nini?"

Nikampa kile kipande, nikamwonyesha kigoda cha chapati. Akakipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mguu mmoja mmoja, kidole kikakwama kwenye mmoja.

"Ulipima hii?"

"Ndiyo, hiyo."

"Mama watoto, hii mguu ndiyo unaegemea ukigeuza chapati. Miaka ishirini unaisukuma nje. Mimi sikuiweka hivi!"

Akacheka. Tangu hospitali nilikuwa sijakisikia kicheko hicho, kile cha kukohoa mwishoni. Nami nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia, halafu nikakumbuka kwamba nimechekwa.

"Basi pima wewe," nikamwambia. "Jicho iko moja, lakini stuli bado iko na miguu mbili mzuri."

Akaichukua karatasi. Ugali ulipoa. Alipima mguu mzima, akachora, akakata kipande kipya, na mpaka alasiri inaadhiniwa alikuwa bado ameinama pale, vumbi la mbao kwenye ndevu. Akainuka mbio kwenda kutawadha, naye akachelewa. Sijawahi kufurahia dhambi ndogo kama ile.

Kile kipande hakihitaji mtu wa kusimama mbele. Nililijua hilo tangu nikikata cha kwanza, na sikulisema. Kesho yake asubuhi alipokibana juu ya ubao na kuinua drili, nilichukua beseni langu la unga nielekee jikoni.

"Unaenda wapi?"

"Mbao inajua pembe yenyewe. Mimi wa nini?"

"Simama hapo," akasema, akinionyesha mahali pangu kwa kidevu. "Uniambie."

Nikaweka beseni chini, nikasimama.

"Kwangu kidogo," nikasema, ingawa drili haikuweza kusogea popote.