Sekretere Aliyefungia Bouton kwa Kufuli

Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primaire, na bado katika avenue yetu ni mimi wa kwanza kuingiza ordinateur, ile kompyuta. Wenye diplome walikuja kuichungulia dirishani. Wakati ule tulikuwa tunaitana citoyen badala ya bwana, courant ya umeme ya Bukavu inakuja na kuondoka kama mugeni asiyeaga, na mimi nilikuwa nanunua kahawa Kabare na kuipeleka Goma kwa boti.

Sekretere wangu alikuwa na diplome. Alisema mashine inaogopa vumbi na panya, basi nikamuitia seremala. Kioo na clavier ya kuandikia vilibaki juu ya meza. Caisse yenyewe, ile yenye bouton ya kuwasha, ikafungiwa chini ndani ya kabati, na kufuli juu yake. Ufunguo aliuvaa shingoni. Kila asubuhi anapiga magoti, anafungua, anaingiza mukono polepole kama padri mbele ya tabernakulo, na kioo kinawaka.

Siku moja alienda matanga kule kijijini Miti, ufunguo shingoni. Boti ilikuwa inaondoka saa ine, na bila liste ya magunia iliyotoka kwenye mashine, watu wa bandari hawapakii. Kahawa yangu ya musimu muzima ilikuwa juu ya camion, na mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani.

"Maman, andika liste," nikamuambia dactylo, mama aliyekuwa anatuandikia kwenye mashine.

"Niandike wapi, papa? Mashine iko inalala. Bouton ni ya sekretere."

"Bouton ni yangu. Nilinunua yote."

"Basi uiambie iwake."

Yule mama alikuwa na mudomo. Nyuma ya kabati kulikuwa na tundu la kupitishia nyaya. Nikakunja mukono wa koti langu la abacost, nikalala kwa tumbo, nikauingiza. Bouton sikuifikia. Nilifikia kitu laini chenye maji. Nikavuta: vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, vimeoza, bugali iliyoota manyoya, na mavi ya panya yamenata juu yake. Panya wale wale tuliowafungia mulango.

"Sekretere anakulaka humo," dactylo akasema, ameziba pua. "Hapendi tumuombe chakula."

"Na jioni, anaizima namna gani?"

"Anakanyaga tu régulateur kwa muguu, anaenda."

Régulateur, kile chuma kinachotuliza courant, kilikuwa sakafuni, nje ya kabati. Mimi nilitengeneza radio kule Nyawera kabla sijavaa viatu. Radio ukiikatia courant bila kuizima, courant ikirudi inaimba yenyewe. Basi bouton ya bwana yule ilikuwa imebonyezwa tangu siku seremala aliondoka. Mukono wake wa kipadri ulikuwa unaweka samaki. Aliyewasha ni muguu.

Nikakanyaga. Mashine ikalia tii, kioo kikawaka. Dactylo akaandika, liste ikatoka, nikaikamata kwa mukono ule ule na kukimbia.

Bandarini walikuwa wameanza kufungua kamba. Mukubwa wa pale akapokea liste, akainusa, akanitazama.

"Citoyen, umesema ni kahawa?"

"Ni kahawa."

"Karatasi inasema sambaza."

Akaipiga muhuri ameishika kwa ncha za vidole, na magunia yakapanda. Nilinawa mukono ziwani mara tatu. Harufu ya diplome ile haikutoka.