Kokwijuka Mbele ya Mashine ya Picha

Kokwijuka wa Ihanda hakuzaliwa mwoga. Alipokuwa msichana kwao Bugomora alifukuza fisi zizini kwa kijinga cha moto, na mumewe Rugemalira, aliyechimba bati Kyerwa, aliwatambia wenzake kwamba nyumba yake haihitaji mlinzi. Lakini mimba mbili zilizoharibika zilimtia hofu ambayo fisi hajawahi kumtia. Habari za ile ya pili alimnong'oneza dada yake gulioni Nkwenda. Wiki haikwisha, ikatoka. Kwao mimba haitajwi mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Basi akaamini kwamba ulimi wake ndio ulioua.

Mwaka 1958, aliposhika mimba ya tatu, hakumwambia mtu, hata mumewe. Alijifunga kanga vizuri, akalima, akamenya ndizi, akakohoa. Kikohozi ndicho kilichomponza. Kilipoanza kutoa damu, mavyaa wake Kyarimpa hakutaka tena kusikia habari za dawa za mizizi. Alimshika mkono mpaka hospitali ya misheni, na daktari akaagiza kifua kipigwe picha.

Chumba cha picha kilikuwa na giza na kilinuka dawa. Mpiga picha, Methodius, alikuwa mtu wa Bukoba, mpole.

"Samahani mama, una mimba?"

Kyarimpa alikuwa amesimama mlangoni, masikio wazi.

"Sina," Kokwijuka akasema, akitazama sakafu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Methodius akamsimamisha, kifua kikigusa bamba la baridi. Akamtoa Kyarimpa, akafunga mlango, kisha yeye mwenyewe akaenda kujibanza nyuma ya ukuta mnene wenye kidirisha.

Kokwijuka akamfuata kwa macho. Kama kitu hiki hakidhuru, mbona mwenyewe anajificha? Na kama kinapenya kifua, tumbo kitaliacha? Akisema, mtoto atatoka kama yule mwingine. Asiposema, mashine itamchoma humohumo. Alitamani mtu amchagulie, na mtu hakuwepo.

"Vuta pumzi, usitikisike!"

"Nina mimba!" akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye foleni ya nje. "Acha! Nina mimba!"

Methodius akatoka mbio, bila hasira. "Afadhali umesema, mama. Mionzi hii ni kidogo, na wewe unapigwa mara moja tu. Mimi napiga watu kutwa, ndiyo maana najikinga. Ila mtoto wa tumboni bado mchanga mno, lazima tumfunike." Akampa aproni nzito iliyotiwa madini ya risasi, akamwonyesha namna ya kulizungushia tumbo. Picha ikapigwa.

Ilionyesha kifua kikuu, kikiwa bado kichanga, cha kutibika. Kokwijuka alilia, wala si kwa ajili ya kifua.

Njia nzima Kyarimpa hakusema neno, na kimya hicho kilimtisha mkwewe kuliko ile mashine. Kuanzia siku hiyo kila msokoto wa tumbo ulimtoa jasho. Asubuhi alikagua nguo zake kabla hata ya kusali. Dawa alimeza, damu ikakoma, mwili ukarudi. Tumbo likakua, na woga ukakua nalo.

Siku ya uchungu, Kyarimpa ndiye aliyempokea mtoto. Mtoto hakulia. Kokwijuka akafumba macho.

"Mama, nimemuua. Nilimtaja mbele za watu."

Kyarimpa alikuwa akimpangusa mtoto kinywa, akimsugua mgongo kwa nguvu.

"Wewe ulimtaja mara moja," akasema, akihema. "Mimi nilipokusikia pale hospitalini sikulala kwa furaha. Nilimwambia mumeo, nikamwambia katekista, nikawaambia wanawake wote wa kisimani. Ihanda nzima inamsema mtoto huyu tangu siku ile, mjinga wewe."

Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kwa sauti kali. Kyarimpa akamlaza kifuani pa mama yake. Kokwijuka aliogopa kumgusa. Lakini akamgusa.