Nililivika Gitaa la Mlamu Wangu Ubao, Kisha Nikasingizia Chumvi

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Jina langu msilitafute. Itoshe kujua kwamba mimi ni fundi wa milango huku Bongwe, na kwamba mdomo wangu una kasi kuliko randa yangu.

Mlamu wangu Suleimani, kaka wa mke wangu, hupiga gitaa la umeme kwenye hoteli za Diani. Baada ya zile fujo za Likoni wageni walitoweka, hoteli zikafungwa, naye akakaa miezi akiwapigia kuku wa mama yake. Mwaka jana hoteli moja ikafunguliwa tena, akaitwa ajaribiwe Jumamosi. Jumatatu akaniletea gitaa.

"Mlamu, skrubu ya mkanda imelegea. Nikazie tu, basi."

Basi, alisema. Masikio haya yalisikia!

Lakini gitaa lenyewe lilikuwa jekundu la kung'aa, limechubuka pembeni, na mimi rangi nyekundu juu ya mbao huniuma. Nilikuwa na vinia ya mvule iliyobaki kwenye mlango wa mtu, ule ubao mwembamba kama karatasi ngumu. Nikajiambia, nitamfanyia mlamu jambo ambalo Ukunda nzima italizungumza. Kweli walilizungumza.

Jamani, milango huja kwangu mitupu. Napaka gundi, nalaza vinia, nabana kwa mifuko ya saruji, kwisha. Gitaa lilikuja limevaa rangi, tena rangi inayoteleza kama sahani. Fundi wa kweli angelipiga msasa mpaka afike kwenye mbao. Mimi nikapaka gundi juu ya wekundu uleule, na mvua za El Nino zinanyesha kutwa, gundi haikauki! Hata hivyo Ijumaa nikalipiga vanishi, likapendeza, wallahi. Suleimani alipoliona alinikumbatia hadi nikakohoa.

Jumamosi nilikaa nyuma, karibu na jikoni, nimevaa shati la Idi. Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, taa za jukwaani zikalipasha moto, nikaona ncha ya vinia inainuka taratibu. Ewe ncha, lala! Haikulala. Ikanasa mkono wa shati lake, naye kila akipiga ndivyo anavyozidi kulimenya, mpaka wekundu wote ukawa nje na ubao unaning'inia kwenye kiwiko. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Meneja, mtu wa bara, hakupiga.

"Sasa wewe umekuja kupiga muziki ama kuchekesha watu?"

Kazi wakapewa vijana wa kinanda waliojaribiwa baada yake.

Nyumbani, mbele ya mke wangu na mama mkwe, Suleimani akaniuliza, "Mlamu, imekuwaje?" Aliuliza kwa upole! Angenitukana ningekiri.

"Ni chumvi ya bahari," nikamjibu. "Upepo ule unakula gundi."

Akaniamini. Tangu siku ile hapigi popote penye upepo wa bahari, anaogopa gitaa zima litabanduka. Aliitwa harusini Kinondo, akakataa. Hoteli ya Galu ikamwita, akakataa. Mwanamuziki wa Diani anayeikimbia bahari, atapiga wapi? Awapigie mbuzi wa Taru, kule nyikani? Nacheka ninapoandika, lakini mke wangu anasema kaka yake amekonda, na siku hizi anauza mkaa. Roho inaniuma.

Juzi amekuja tena, gitaa amelifunga kwenye leso.

"Mlamu, nifanyie upya. Wenzangu wote walinicheka. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli. Ahsante."

Nikaingia chooni nikalia, mtu mzima mimi!

Mafundi wenzangu, mkipewa kazi ndogo, ifanyeni hiyohiyo ndogo. Mkiharibu, semeni siku ileile, mbele ya haohao mnaowaonea haya. Mimi nilidanganya dakika moja tu, na mlamu wangu amepoteza mwaka mzima.

Gitaa nimelipiga msasa, sasa ni mbao tupu. Kesho anakuja kulitazama, nami nitamwambia yote. Akitaka kunipiga nalo, mwacheni anipige. Ninachoogopa ni asije akaniambia ahsante tena kabla sijafungua mdomo.