Profesa wa Suti ya Kuazima

Fundi Taa alikuwa na ualbino, na ukumbi wa chuo ulikuwa mikononi mwake kwa miaka kumi na minane: taa, spika, mashine ya kuonyeshea filamu, vyote. Mimi nilikuwa nachana tiketi mlangoni, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia pana. Ukimtania bila mazoea, alikutazama mpaka ukaaga mwenyewe.

Mwaka huo binti mmoja wa mwaka wa tatu, tuliyemwita Direkta, alitengeneza filamu ya kuchekesha. Chuo kinamsubiri profesa mzungu kutoka ng'ambo. Fundi wa taa mwenye ualbino anapita getini na suti ya kuazima, wakubwa wanadhani ndiye. Wanambebea mkoba, wanampa ofisi yenye kiyoyozi. Wanafunzi wanaoshinda wakihubiri usawa ndio wa kwanza kupiga naye picha. Direkta alimwomba Fundi Taa aigize. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasoma karatasi zote, akasema anayechekwa humu si yeye, akakubali.

Kosa lake ni kutomwambia mama yake. Mama huyo alimlea peke yake, akigombana na walimu, majirani, hata mawifi zake, yeyote aliyeifanyia mzaha ngozi ya mtoto. Aliwahi kumtoa kwenye igizo la shule walipotaka awe mzimu. Siku hiyo alimwapisha kwamba hatamchekesha mtu kwa rangi yake maadamu yeye mama yu hai.

Siku ya onyesho nikamwona mlangoni, ameshika tangazo lenye picha ya mwanawe. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaenda kukaa mstari wa tatu. Nikapanda ngazi mbio hadi chumba cha mashine. Fundi Taa aliposikia, aliweka kidole kwenye swichi ya mashine.

"Akisimama tu, nazima," alisema. "Siwezi kumuumiza mama kwa ajili ya vicheko vya watu."

Filamu ikaanza, watu wakavunjika mbavu. Mkuu wa kitivo kwenye filamu alipomfutia profesa kiti kwa tai yake mwenyewe, hata walimu ukumbini walicheka, ingawa wengine walijijua. Mama hakucheka. Sisi wawili tulimtazama yeye tu, roho mkononi.

Ikafika pale siri inapofichuka. Wakubwa wanamnyang'anya mkoba, na Fundi Taa, uso wake umejaa skrini nzima, anasema, "Mimi ni yule yule mliyempokea asubuhi." Kutoka nyuma gizani kijana mmoja akaropoka, "Zeruzeru hilo." Wachache wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha filamu. Mpaka leo nikikikumbuka nakasirika.

Mama akasimama. Fundi Taa akazima mashine, akawasha taa zote. Akafungua kidirisha.

"Mama, nisamehe. Nakuja tuondoke."

Mama hakumtazama. Alikuwa amegeukia nyuma, akipitisha macho uso baada ya uso, bila haraka, na wasomi wetu wote wakawa wanakagua viatu vyao.

"Nani kakuambia naondoka?" alisema. "Nimesimama nimwone aliyesema. Wewe rudisha filamu, ulikuwa hujamaliza kuongea."

Akairudisha. Mama hakukaa tena mpaka mwisho. Waliokuwa nyuma yake walitazama wakichungulia pembeni ya mabega yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.