Nkatha anaomba kutoka kwenye vumbi

Mashine ya kwanza haijaanza kunguruma, na Nkatha Mutuma tayari yuko nyuma ya karakana, mkono mmoja ukutani, mwingine ukigonga bomba la bati lililo nene kama pipa. Anagonga, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Mahali panapotoa sauti nzito, vumbi limeganda ndani.

"Hapa pamekaba," anasema, kisha anakohoa mpaka anainama. Anangoja kikohozi kipite, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. "Na mimi pia nimekaba, ndugu yangu. Andika hivyo."

Karakana hii ya makabati ya jikoni iko huku ughaibuni, mjini Gaithersburg, karibu na barabara kuu ya I-270, ambako watu wa ofisini hupita kila asubuhi wakinung'unikia foleni. Kazi ya Nkatha, mama wa miaka hamsini na mmoja kutoka Maua, Meru, ni kuhakikisha kwamba unga wa mbao unaishia kwenye mifuko, si vifuani mwa watu.

Nje ya ukuta kuna kasha la chuma lililopita paa kwa urefu. Ndani yake imening'inia mifuko ya kitambaa kizito, kila mmoja umevishwa juu ya kizimba cha waya. Hewa chafu huingia, vumbi hunasa kwenye kitambaa, hewa safi hurudi karakanani. Ubavuni mwa kasha kuna kipimo chenye mshale. Ukipanda sana, mifuko imeziba. Ukilala chini kabisa, ole wenu, hewa inapita bila kuchujwa.

"Wengi huogopa mshale ukiwa juu," anasema Nkatha. "Mimi naogopa ukiwa chini."

Kuchagua mifuko nako ni shughuli. Vumbi la mwaloni ni zito, halina matata mengi. Lakini zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi hutoa vumbi laini kama poda ya mtoto, na likishaingia kwenye kitambaa cha bei rahisi halitoki. Kwa hizo Nkatha huagiza mifuko yenye uso wa kuteleza, ili vumbi lidondoke linapopigwa upepo.

"Kila mwaka bosi ananiuliza kama hatuwezi kununua ile rahisi. Namwambia tunaweza, na baada ya miezi mitatu tutanunua tena."

Ameifanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Barakoa anayo, na anaivaa. Lakini ukiwa umejikunja ndani ya kasha lile mwezi wa Julai, jasho likiingia machoni, unaivuta chini kidogo upate hewa. Kesho kidogo tena. Jamani, hicho kidogo ndicho kilichomfikisha hapa.

Mwezi wa nne daktari alimwonyesha picha ya kifua chake na kumwambia atoke kwenye vumbi kabla ya baridi kuingia. Bosi, Ethan, ambaye Nkatha anasema ni mtu wa haki ila ana haraka, alikubali kumhamishia stoo ya bawaba na vitasa kwa mshahara uleule. Alitoa sharti moja tu: kwanza apatikane mtu wa kuushika mtambo.

Kuacha kazi tu asingeweza. Bima inayokitibu kifua inatoka kwenye kazi hiyohiyo inayokiharibu. Bintiye, Kawira, anayeelewa Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, humwambia kila jioni aache. Nkatha humjibu kwa Kimeru, na hapo mazungumzo huisha.

Mtu wa kwanza aliyefundishwa alikaa wiki mbili, akaenda kuendesha lori. Wa pili ni Kibet, baba wa watoto watatu kutoka Kapsabet. Nkatha mwenyewe ndiye aliyempata kanisani akamleta kazini, akamfundisha majira yote ya joto, akaona sasa Mungu amesikia.

Mwisho wa Septemba akasafiri kwenda Texas, harusini kwa mpwa wake. Alimwachia Kibet agizo: mifuko usiiguse mpaka mshale upande.

Kibet alisikia, tena alisikia vizuri. Lakini Jumamosi alifungua mlango wa kasha, akaikuta mifuko imevaa utando wa kahawia kama ukoko wa uji, akashikwa na aibu. Huyu mtu amelelewa na nyanya aliyekuwa akipitisha kidole nyuma ya kila sufuria. Kwao, mama mwenye nyumba akisafiri, harudi akakuta masizi. Basi akaishusha mifuko yote, akaipiga, akaifua kwa sabuni, akaianika, akaivisha tena.

"Nilitaka Mama Kawira akirudi afurahi," anasema Kibet akitazama viatu vyake. "Ilikuwa inang'aa, haki."

Ilikuwa inang'aa, naam. Na hapa pana jambo ambalo hata mimi sikulijua: mfuko uliotakata kabisa hauchuji vizuri. Kitambaa kina vitundu, na kinachovipunguza ni ule utando mwembamba wa vumbi la jana. Huo ndio unaolizuia vumbi la leo. Sabuni iliuondoa, na kule kupigwa kukalegeza nyuzi.

Jumatatu hewa ikarudi karakanani na vumbi lake. Wambura Gregori, Mtanzania wa Musoma anayepiga msasa milango ya makabati, anasema aliona taa zimefifia akadhani ni macho yake ya uzee.

"Nikapiga chafya. Mwenzangu naye akapiga. Tukatazamana. Nikasema, jamani, leo tunakula mbao!"

Kazi ilisimama mpaka mifuko mipya ilipoletwa. Nkatha aliporudi, kabla haijafika, alikuta mshale umelala chini kabisa na Kibet amesimama kando yake kama mtu aliyefiwa.

"Nilitaka kumchapa, mtu mzima na ndevu zake," anasema. "Halafu nikaingia chooni nikalia. Sikulilia mifuko. Nililia kwa sababu niliona ile stoo inaenda zake."

Hakuwa amekosea. Mifuko mipya ilipokwisha kuvishwa, Ethan alimwita akampa njia mbili. Ama Kibet aondoke, atafutwe mwingine, na Nkatha aendelee na mtambo mpaka baridi iishe. Ama Kibet abaki, lakini Nkatha amtolee neno kwamba anaweza. Nkatha aliomba siku moja ya kufikiri.

Mchana huo, kwenye meza ya chakula, Wambura alijaribu kumtetea mwenzake.

"Dada Nkatha, kosa moja haliachi mke."

"Huyu si mke wangu," akajibu, "na kifua ni changu."

Asubuhi iliyofuata alimpeleka Kibet kwenye kasha, akamfungulia mlango, akampa tochi, akasimama kando. Mifuko mipya ilikuwa imeanza kushika vumbi, yenye madoa madoa, na mmoja wa mwisho ulikuwa mchafu kuliko mingine. Kibet aliumulika ule mmoja kwa muda mrefu. Akautazama mshale. Mkono wake ukanyanyuka, ukasita, akautia mfukoni. Na ule mwingine pia.

"Nikamuuliza, huufuti? Akasema, 'Hapana, mama. Uache ushike.' Basi. Nikaenda kwa bosi nikamwambia, huyu hataosha tena hata gari lake."

Ningependa kusema alitoka kwa bosi akiwa na furaha. Hapana. Anasema alirudi akaketi juu ya ndoo, akijiuliza kama amewauza wenzake wanaopiga msasa ili aokoe pumzi yake mwenyewe. Alihamia stoo wiki iliyofuata, na usiku alikuwa anaota mshale.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba nilirudi kumwona. Vioo vya magari vilikuwa na barafu. Nkatha alikuwa stoo amevaa sweta, hana barakoa, anapanga bawaba. Ghafla akainua kichwa. Mvumo wa mtambo ulikuwa umebadilika. Mimi sikusikia chochote. Akaniacha katikati ya sentensi, akatoka mbiombio, nami nikamfuata.

Kwenye mlango wa chumba cha vumbi, kile cha kupitia kwenda kwenye kasha, alisimama Kibet, barakoa usoni.

"Mama Kawira, huku huingii."

"Kibet, kuna mfuko umechanika, nausikia."

"Nimeusikia pia. Ni wa safu ya nyuma, nimeshazima hiyo safu. Rudi stoo."

"Wewe! Unanifukuza mimi?"

"Ndiyo, mama. Samahani sana."

Akaufunga mlango, taratibu, kwa adabu zote. Tukasikia komeo likiingia.

Nilingoja tusi la Kimeru. Halikuja. Nkatha aliushika mlango kwa kiganja, akacheka, akakohoa, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kunikataza kuingia humo."

Tulirudi stoo polepole. Nikamuuliza sasa anataka nini.

"Nyumba yangu kule Adelphi iko ghorofa ya tatu," akasema. "Nikifika ya pili husimama, najifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Majirani wanafikiri mimi ni msahaulifu. Kufikia Pasaka nataka nizipande ngazi zote nikigombana na mtu kwenye simu, na nisinyamaze hata mara moja."