Kitabu Kile Kile, Maswali Mengine

Kitabu nilikinunua mwenyewe, tena kwa kujitolea. Mjukuu wangu wa kike alikuwa ameingia chuo kikuu kusomea kemia, wa kwanza katika nyumba yetu, na mwalimu wao akawaambia watafute kitabu fulani kikubwa kilichochapwa ng'ambo. Tunaishi wawili hapa mtaa wa Satellite, Nairobi, yeye na mimi. Akanitumia picha kwa simu: jalada la buluu lenye chupa ya kioo inayotoa mvuke. Mimi niliishia darasa la tatu, na Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini picha naisoma vizuri. Nikamwambia aende darasani, kazi ya kutafuta aniachie.

Nilizunguka katikati ya jiji asubuhi nzima. Muuzaji wa mwisho alikuwa kijana mmoja wa kwetu magharibi anayepanga vitabu kando ya barabara. Jina lake nalijua, na la babake pia, maana majina hayanitoki, ila hapa sitaandika la mtu. Alikichomoa chini ya rundo. Nikalinganisha na simu: buluu ile ile, chupa ile ile, mvuke ule ule. Nikamuuliza mbona chake ni rahisi kuliko vya dukani.

"Karatasi ndiyo nyepesi, mama. Kitabu ni hicho hicho."

Sidhani alinidanganya. Naye alikuwa akiangalia jalada kama mimi.

Watoto wangu walipokuwa wakisoma, kitabu kisichovalishwa karatasi juu ya jalada kilimrudisha mtoto nyumbani. Kwa hiyo kila kitabu nilikivalisha siku kilipoingia. Tena mimi nilikuwa fundi wa nguo, sikunji karatasi tu na kuiacha ikiteleza. Hiki nacho nilikikatia karatasi ya khaki, nikapika gundi ya unga wa ngano, nikaibandika khaki ishikane na jalada mbele na nyuma, nikashona pindo kwa uzi mweusi. Mjukuu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini.

"Kukhu, hiki kimevaa kuliko mimi," akasema. Kukhu ndivyo tunavyowaita akina nyanya kwetu.

Wenzake wengi hawakununua. Mwalimu aliacha kitabu chake kwenye duka la fotokopi nje ya lango, wakawa wanatolesha kurasa wanazohitaji. Yeye hakutolesha, ya nini, na chake kiko mkobani? Kila wiki mwalimu aliandika nambari ubaoni: sura ya tatu, swali la nane, la kumi na mbili. Wenzake walifanya pamoja huko mabwenini. Yeye alikuja kufanyia kwetu mezani, peke yake, na mimi nikajivuna kwamba ana kitabu chake na hana haja ya kuomba mtu.

Kazi ya kwanza ilirudi na sifuri. Ya pili vilevile. Hakuniambia. Nilijua kuna jambo kwa sababu aliacha kuimba akiosha vyombo. Halafu ikaja barua ya kumwita mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Siku hiyo tulikuwa tukichambua sukuma, ndipo akanieleza. Mwalimu alisema majibu yake ni ya mtu anayejua kemia, ila hayahusiani na maswali aliyopewa. Nairobi hii wako vijana wanaoandikia wanafunzi kazi kwa malipo, hilo si siri, na mwalimu akaona mmoja wao amechanganya kazi za wateja wake. Kamati ikikubaliana naye, mtoto anafukuzwa.

"Ulilipa mtu?" nikamuuliza.

Aliweka kisu chini. "Kukhu, hata wewe?"

Nikaendelea kuchambua mboga.

Kesho yake alienda mtaa wa Muthangari kwa msichana wanayesoma naye, akaazima zile fotokopi. Akazitandaza mezani kando ya kitabu chake. Maelezo yalikuwa sawa neno kwa neno, michoro sawa, hata kurasa karibu sawa. Lakini kule mwisho wa sura, swali la nane la wenzake lilikuwa la kumi na moja kwake, na mengine hayakuwemo kabisa. Swali la nane lake lilikuwa jingine. Akakigeuza kitabu upande wa nyuma.

"Kukhu, hapa chini ya khaki palikuwa na nini?"

Nikakumbuka. Palikuwa na utepe mwekundu wenye maandishi. Nilidhani ni tangazo la wachapaji, nikapaka gundi juu yake.

Tulilowesha khaki kwa kitambaa cha maji ya moto, ikatoka vipande vipande. Akanisomea kwa Kiswahili: hili ni toleo la kimataifa, haliruhusiwi kuuzwa kule lilikotoka, na yaliyomo huenda yakatofautiana na ya toleo la huko kwao. Alisoma mara mbili. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Siku ya kamati nilikaa nje kwenye benchi. Baadaye akaja kuniita, wanataka kujua ni nani aliyekivalisha kitabu. Nikasema ni mimi, wala yeye hakuona kilichoandikwa. Mwalimu, mtu wa umri wa kitindamimba wangu, alikiweka chake kando ya chetu, akafunua na kufunua. Akasema chake alikinunua alipokuwa akisoma ng'ambo, hakujua viko viwili. Mama mmoja wa kamati ndiye aliyejua. Alisema wenye kitabu hutuuzia sisi kwa bei nafuu, halafu hubadilisha maswali makusudi, ili kile cha bei nafuu kisiweze kutumika katika madarasa ya huko kwao.

Hilo bado ninalo kichwani. Kuna mtu aliyeketi mahali, akanywa chai yake, akahamisha la nane kuwa la kumi na moja. Hakuwa na ubaya na mjukuu wangu. Hakumfikiria hata kidogo.

Kamati ikafuta shtaka. Nikaanza kushukuru, wakaniambia ningoje. Zile sifuri zinabaki, kwa sababu alichoulizwa hakukijibu. Ataruhusiwa kufanya upya kazi zote, ila alama zitakuwa nusu, kama za aliyechelewa.

"Mwalimu," nikasema, "hayo aliyoyafanya, ni sawa au si sawa?"

Akazivuta karatasi, akasoma na kalamu mkononi. Tulimngoja.

"Ni sawa, mama. Yote. Hili hapa ni gumu kuliko nililouliza mimi."

"Basi andika hivyo."

"Hakuna mahali pa kuandika."

Alisema kwa upole, hata macho aliyainamisha, lakini kalamu akaifunika. Mjukuu akanishika mkono akasema, "Kukhu, twende."

Alizifanya zote upya kwa fotokopi, akapita kwa alama za chini ambazo si zake. Ndizo zilizoandikwa huko chuoni, na anayezisoma atadhani ni msichana aliyejikokota. Majirani wakiniuliza kemia inaendeleaje, nasema inaendelea. Yeye akiwa chumbani husikia, wala hatoki kuongeza neno.